Uzi Uliozunguka Kushoto

Bangili ya kioo ikivunjika nyumbani kwangu, sikubali ifagiliwe. Wanangu wamezoea. Hunicheka wakiniona nimechutama sakafuni, na umri huu na magoti haya, naokota vipande na kuvipanga kwa rangi: kijani huku, vyekundu kule, vyeupe kando kabisa kwa sababu vyeupe ni adimu. Wanadhani ni uchoyo wa watu wa zamani wasiotupa kitu. Sijawaeleza. Nikivishika vile vipande napata harufu ya mafuta ya taa na majivu ya moto, na pamoja na harufu hiyo hunijia wivu, mbichi kabisa, kana kwamba Rukia yuko hapo uwani amekalia kibao changu.

Tulikaa Kisauni, nyumba ya makuti yenye ukumbi katikati na uwa mpana nyuma. Baba alifanya kazi kiwandani Changamwe, akiondoka alfajiri na kurudi magharibi. Mama alitengeneza pini. Sisemi pini za kushonea. Zake zilikuwa waya mwembamba wa shaba, urefu wa kidole, na nchani kichwa cha kioo kilichoyeyushwa kikakaa mviringo. Mchuuzi wa vipuli kule kisiwani alizinunua, akatunga shanga kwenye waya, kile kichwa kikizizuia zisianguke, kisha akakunja ncha ya pili na kutundika kwenye kipuli. Wanawake wa mtaani nao walizitaka za kubania vikuba, vile vishada vya asumini, kifuani. Kazi hiyo Mama aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa sonara, pamoja na mrija wa shaba uliopinda nchani ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa bila kunawa mikono.

Waliokulia pwani watakumbuka bangili zile. Idi mosi kila msichana alivaa mpaka kwenye kiwiko, akitembea unamsikia kabla ya kumwona. Idi pili nusu zimekwisha kuvunjika. Mimi siku hiyo nilibeba mkebe wa maziwa ya unga, nikapita mlango kwa mlango, "Hodi, shikamooni, mna bangili zilizovunjika?" nikipewa vipande pamoja na kaimati. Wenzangu waliniita mwana wa jalala. Sikujali, maana nilijua kitu wasichokijua: kwamba bangili ya fulani iliyovunjwa na mbuzi wa jirani ingerudi kifuani au masikioni mwa mtu ikiwa nzuri kuliko mwanzo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya pumzi. Mama aliwasha koroboi yenye utambi mnene, akaweka mrija mdomoni, na moto uliokuwa ukiyumba kwa manjano na masizi akaulaza ubavu kwa kuupuliza, ukawa ulimi mwembamba wa buluu. Mashavu yalimjaa, pua ikavuta, mdomo haukuacha kutoa. Kioo kilipolainika alikipokea kwenye ncha ya waya na kuuzungusha, azungushe tu, kwa maana ukisita kidogo kichwa hulalia upande. Kisha pini ikachomekwa kwenye kopo la majivu ya moto na kuachwa humo mpaka asubuhi ya pili. Ukiitoa na harara yake, inapasuka. "Kioo hakitaki kushtuliwa," ndivyo alivyosema.

Nilifundishwa kwa neno moja. Nikimaliza pini nilimpelekea, naye aliigeuza mbele ya macho, akanirudishia.

"Rudia."

"Imekuwaje, Mama?"

"Kitwa kimepinda. Tumia mato, si mdomo."

Nikirudia macho nimeyakodoa, "Rudia." Nikifyonya, aliniangalia tu. "Nifyonye tena uone." Na kubwa zaidi ni mkono wangu. Mimi ni wa kushoto. Kula nilikula kwa kulia kama watu, nilipigwa vidole mpaka nikajua. Lakini kwenye moto mkono wa kulia ulikuwa hauna akili. Siku moja Mama alinitazama nikihangaika, akachukua waya akautia katika mkono wangu wa kushoto. "Huku kwenye moto tumia uuwezao. Ila wageni wakija, ficha." Hilo nililichukua kuwa aibu nyingine tu ambayo Mama aliniona nayo.

Basi ndipo akaja Rukia.

Alikuwa mtoto wa mdogo wake Mama, wa Mtongwe, upande wa Likoni. Mamake alifariki, babake alikuwa baharini melini na hakuna aliyejua atarudi lini, na Mama alivuka feri akaenda kumchukua. Alifika na kifurushi cha nguo na adabu nyingi kupita kiasi. Akiitwa, "Abee, mama mkubwa." Mimi nikiitwa nilisema "Eeh," nikaambiwa nimelelewa na punda. Alikuwa rika langu, mwembamba, nywele ndefu. Usiku wa kwanza nilimpa nusu ya kitanda kwa moyo mkunjufu. Moyo huo haukudumu wiki.

Kilichonikera kilikuwa mkono. Kila Rukia akipita karibu, Mama aliutoa mkono wake akampapasa kichwani, polepole, kuanzia utosini mpaka kisogoni, midomo ikicheza kwa maneno yasiyosikika. Akimaliza kula, mkono. Akirudi chuoni na juzuu yake ya Kurani, mkono. Mimi nilikaa mbele ya Mama miaka yangu yote na mkono huo niliujua kwa kusukwa tu, unavuta nywele mpaka macho yanapanda juu. Nikaanza kupitapita. Nilijifanya natafuta kitu karibu na miguu yake, nikiinamisha kichwa mahali ambapo mkono ungeweza kuangukia. "Wafanyani hapo chini?" aliniuliza. "Ondoka, wanizuilia mwanga."

Halafu akamfundisha pini. Akamkalisha kwenye kibao changu. Rukia alipuliza akakohoa, akapuliza akazima taa, na baada ya siku nyingi akatoa kitu. Nilikiona. Kilikuwa kama punje ya mahindi iliyotafunwa. Mama akakigeuza mbele ya macho kama alivyogeuza vyangu, nami nikajiweka sawa kusikia lile neno.

"Mashallah, mwanangu. Nzuri."

Na mkono kichwani.

Nilidhani nimepata wazimu. Nikachukua pini yangu ya siku hiyo, ambayo wallahi ilikuwa duara kama tone la mvua kwenye jani, nikampa. "Rudia," akasema, hata hakuinua uso. Ikawa hivyo kila siku. Za Rukia nzuri, zangu rudia. Nami mtoto sikuwa na namna nyingine ya kuhesabu: anayesifiwa ndiye anayependwa, anayerudishwa hapendwi. Nilikaa nikazichambua sura zetu kwenye kioo cha kabati, yeye na mimi, kutafuta ni yupi hasa aliyefanana na Mama. Ilikuwa mimi, na haikunisaidia chochote.

Baba aliona. Jioni moja akiwa anavua viatu alimwambia Mama, nami nasikia, "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwambie yule mtoto ukweli, ajifunze."

"Yatima hakemewi," Mama akajibu. "Mimi nitakwenda kumjibu nini Mungu? Nitamjibu nini ndugu yangu?"

Niliyasikia maneno yale nikayatia mfukoni kwa uchungu. Kumbe kuna watoto wasiokemewa. Nilianza kuwaza ingekuwaje nami nikipata uyatima kidogo, si kwa Mama, hapana, labda kwa mtu wa mbali.

Mwaka ule shangazi Zena, dada mdogo wa Baba aliyekuwa akikaa nasi, akaposwa. Zena nilimpenda kuliko sikukuu. Alitaka siku ya kupambwa nywele zake zibaniwe asumini kwa pini za nyumbani, kijani, na uzi mweupe uzunguke kichwa cha kila pini kama mzunguko wa skrubu. Hiyo ni kazi ngumu. Kwanza unayeyusha kipande cheupe na kukivuta kiwe uzi, kisha unauviringisha juu ya kichwa cha kijani kikiwa bado laini, moto usiwe mkali ukaula uzi, usiwe hafifu uzi ukakataa kushika. Mama alisema tutafanya sisi, mimi na Rukia, nusu kwa nusu.

Na kulikuwa na sinia. Kwetu bibi harusi akipambwa, msichana wa nyumbani husimama ubavuni kwake na sinia la fedha, akimpa mpambaji pini moja moja, na wakitoka ukumbini mbele ya wanawake huyo msichana hufuatana naye na kuketi karibu na miguu yake, watu wote wakimwona. Shangazi ni wangu. Rukia hakuwa na damu ya Zena hata ya kutia kwenye sindano. Sinia lilikuwa langu, na sikuona haja ya kuliuliza.

Nilifanya kazi kama sijawahi. Midomo ilikauka, mashavu yaliniuma hata nikashindwa kutafuna. "Rudia, uzi umekatika." "Rudia, umeacha pengo." "Rudia, hino ina masizi." Rukia pembeni yangu alizimaliza zake mapema, mashallah na mkono, akazitia majivuni, na kabla ya asubuhi nilimwona akizichomoa kuzitazama kwa sababu hana subira. Mama alimwona pia. Nilisubiri aseme, nikaona amegeuka kwenda jikoni, nikafyonya peke yangu.

Siku ya mwisho nilimpelekea Mama pini yangu ya mwisho. Aliigeuza muda mrefu. Kisha akaitia kwenye kitambaa pamoja na nyingine bila kusema rudia na bila kusema nzuri, akafunga kitambaa. Usiku huo nililala nikitabasamu.

Asubuhi ya kupambwa, nimeoga, nimepakwa wanja, Mama akatuita chumbani kwa Zena.

"Rukia ndiye atakayeshika sinia," akasema.

Nilingoja aendelee, nikidhani kuna jambo langu pia, kubwa zaidi. Akamnyooshea Rukia sinia. Rukia aliniangalia mimi kwanza kabla ya kulipokea, na macho yale niliyaona ni ya kunicheka.

Nilisimama kwenye kona nyuma ya wanawake. Chumba kilijaa udi na asumini. Bi Mwanaisha mpambaji, mikono yake minene inakwenda haraka, alikuwa akinyoosha kiganja bila kutazama na Rukia anamwekea pini. Wanawake walisogea kuzitazama zikimeta kwenye nywele nyeusi. "Nani katengeneza hizi?" mmoja akauliza. Mwingine akamwelekea Rukia: "Si huyu hapa. Mikono ya mamake marehemu, Mungu amrehemu." Mama alikuwa amesimama nyuma ya Rukia, mkono juu ya kichwa chake. Hakusema ndiyo wala hakusema siyo.

Nikapenya mpaka karibu, nami nikaziona. Uzi mweupe ulizunguka kushoto.

Mtu wa mkono wa kulia akiviringisha uzi unakwenda upande mmoja, wa kushoto unakwenda upande wa pili. Hakuna mwingine nyumbani kwetu aliyefanya kazi kwa kushoto. Nilitazama sinia lote. Kushoto, kushoto, kushoto. Hapakuwa na pini ya Rukia hata moja. Nilichofanya kwa mashavu yangu kilikuwa kichwani mwa Zena, na sifa ilikuwa kichwani mwa Rukia pamoja na mkono wa mamangu.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Rukia dakika ile, na Rukia hakuwa wa kwanza katika chuki ile. Wa kwanza alikuwa Mama. Nilitoka nikaenda kukaa nyuma ya choo mpaka vigelegele vikaisha. Watu walinitafuta nile pilau, nikakataa, na mnajua msichana wa pwani akikataa pilau ya harusi lazima kuna msiba.

Asubuhi iliyofuata Mama alikuwa uwani akisugua sinia kwa ndimu na majivu. Nilisimama mbele yake.

"Mama, zile pini zilikuwa zangu."

"Najua."

"Zote."

"Zote. Za Rukia zilipasuka, na zisizopasuka hazikuwa za kuvaliwa na mtu."

"Mbona hukusema?"

Alisugua kidogo, akasimamisha mkono. Alikuwa amechoka, macho mekundu kwa shughuli ya siku nyingi. "Wewe una mamako," akasema. "Yeye ana sinia."

Nikafikiri sana juu ya maneno yale, kwa akili niliyokuwa nayo, nikaona heri ningekuwa na sinia.

Rukia alikaa nasi mpaka akaolewa, akahamia Port Reitz, mumewe akiwa mpakuzi wa mizigo uwanja wa ndege. Tulisalimiana vizuri kama ndugu. Tulizikana, tulisaidiana, tulipelekeana sahani mwezi wa Ramadhani. Lakini kila akiingia nyumbani kwa Mama na kuinamisha kichwa, na mkono ule uliozeeka ukampapasa, mimi mwenye watoto wakubwa nilitafuta la kufanya jikoni. Mambo hayo hayafi. Anayesema wivu wa utotoni huisha na utoto, huyo hakuwa na binamu. Na mimi nilipomwonyesha Mama kazi yangu, maana niliendelea nayo na ndiyo iliyosomesha wanangu, alinirudishia mpaka mwisho, na vidole vyake vinatetemeka na macho yameingia ukungu. "Rudia." Haoni, lakini rudia.

Mama alituondokea mwaka uliopita. Baada ya hitima ya arobaini, wageni wamekwisha kwenda na masufuria yameshasuguliwa, tulibaki Rukia na mimi uwani tukigawana vitu vyake. Nguo kwa wahitaji, msahafu kwa kaka yangu mkubwa. Nikatoa mrija. Nilikuwa nimejiandaa. Kama angesema anautaka, nilikuwa na jibu lililokaa tayari kifuani tangu harusi ya Zena.

Hakuutaka. Aliugeuzageuza, akasema, "Nilikuwa nikikuonea wivu."

"Mimi?"

"Wewe. Kila akikwambia rudia."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi hakuniambia hata siku moja," akasema. "Nikimpa takataka, mashallah. Nikimpa nyingine mbaya zaidi, mashallah. Nikawa nakutazama wewe unarudishwa, umenuna, unafyonya, unaambiwa tena. Nikajua kuwa wewe anataka uweze. Mimi anataka nisilie tu."

"Na ule mkono?"

"Mkono ule ulikuwa wa marehemu mama, na wa Mungu. Aliulipa kwangu kama amana. Wangu hasa haukuwa." Aliangalia chini. "Siku ile ya Zena nilijua. Nilikuwa nimefungua kitambaa kabla hatujaitwa, nikaona uzi wote umekwenda kushoto. Nilikuangalia uniambie nisilishike lile sinia. Ungesema tu neno moja ningekupa. Nilisimama pale natamani ardhi ipasuke, wananisifu, nami sijui hata kupuliza."

Yale macho niliyoyaona ya kunicheka nilikuwa nimeyabeba maisha yangu yote, nimeyalisha, nimeyanenepesha. Na bado, nasema kweli, kitu cha kwanza kilichonijia si huruma. Nilimwonea wivu mara nyingine, kwamba yeye alielewa tangu wakati ule na mimi ndio kwanza naelewa, na mamangu tumeshamzika.

Nikainuka nikatafuta koroboi. Ilikuwa ndani ya kabati la jikoni, utambi mkavu. Nikaitia mafuta, nikapekua mkebe nikapata vipande vya kijani, nikavuta kibao. Rukia alivaa miwani yake, akajifunga leso kiunoni. Mara ya kwanza alizima taa. Mara ya pili akakohoa. Nikamshika bega kumwonyesha kuvuta kwa pua bila kuacha kutoa kwa mdomo, naye akashika taratibu, akapokea kioo kwenye waya, akauzungusha, akasita kidogo. Akanipa pini na kukaa akinisubiri, mwanamke mwenye mvi na wajukuu, mikono imekunjwa mapajani.

Niliigeuza mbele ya macho. Kichwa kilikuwa kimelalia upande. Alikuwa mfiwa kama mimi, mgeni, mtu mzima, na mkono wangu wenyewe uliinuka ukataka kwenda kichwani kwake. Nikauzuia. Nikamrudishia pini.

"Rudia."

Rukia akaniangalia juu ya miwani. Kisha akafyonya, fyonyo refu, la kitoto, ambalo sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake katika miaka yote ile.

"Nifyonye tena uone," nikamwambia.

Akavuta kipande kingine cha kijani, akainamia moto, akapuliza.